Kibarua, Kipande na Mgomo: Istilahi za Kazi na Mwanamke Mhamiaji katika Riwaya ya Kihistoria

Mfasiri au mwandishi wa Kiswahili anayekabiliwa na riwaya ya kihistoria juu ya wanawake wahamiaji waliofanya kazi viwandani huona upesi kwamba kikwazo chake hakipo katika visa wala katika mtindo. Kipo katika maneno ambayo sote twadhani tumekwisha kuyamaliza: mfanyakazi, mhamiaji, kiwanda, haki. Maneno haya ni sanifu, yamo katika kila kamusi, na ofisi zetu huyatumia kila siku bila ya wasiwasi. Lakini neno lililo sanifu katika waraka wa serikali laweza kuwa kosa katika kinywa cha mtu aliyeishi mwaka 1911 au 1948. Katika makala haya tunakusudia kulitazama jambo hilo kwa macho ya mhakiki. Mhakiki wa istilahi hana budi mara nyingine kutoa hukumu juu ya fasihi, kwa kuwa riwaya ndiyo mahakama ambamo istilahi hupimwa na watu ambao hakuna aliyewalazimisha kuzitumia.

Tuanze na riwaya zetu wenyewe. Adam Shafi Adam ametupa mbili ambazo hakuna mtaalamu wa istilahi za kazi awezaye kuzipita: Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979). Hii ya pili imejengwa juu ya mgomo wa Unguja wa mwaka 1948, ulioanzia bandarini ukaenea mjini hata kazi nyingi zikasimama. Jina lake tu ni somo. Kuli si neno la sifa. Lilitujia kwa njia ya Bahari ya Hindi likiwa limekwisha kubeba dharau ya wakoloni kwa mtu anayebeba mizigo kwa ujira mdogo. Mwandishi angeweza kutumia mchukuzi, ambalo ni la Kibantu na lina adabu, au hamali, ambalo pwani imelizoea tangu zamani. Hakufanya hivyo, nasi twaona alikuwa na haki. Mchukuzi ni mtu mwenye shughuli. Hamali ni mtu mwenye kazi. Kuli ni mtu aliyepewa jina na yule anayemtumikisha. Rashidi na wenzake wanajifunza kusimama pamoja ndani ya jina hilo hilo la dharau, na hapo ndipo nguvu ya riwaya ilipo. Laiti mhariri mmoja mwenye bidii ya usanifishaji angalipita na kalamu yake akaandika "wafanyakazi wa bandari" kila palipoandikwa makuli, tungalibaki na taarifa ya chama, si riwaya.

Tukiyapanga kwa utaratibu maneno ya kazi ya enzi ya ukoloni, jambo moja lajitokeza ambalo orodha zetu za istilahi hazilionyeshi. Mfanyakazi wa siku zile aliitwa kwa karatasi yake. Kibarua, kama kamusi za kale zinavyoeleza, ni barua ndogo: kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akionyeshe siku ya malipo. Jina la cheti likahamia kwa mtu, kisha likahamia kwa kazi yenyewe. Na leo twasema kibarua cha fulani kimeota nyasi, wala hakuna anayefikiria barua. Kipande nacho kilikuwa kadi. Huko Usambara wakati wa Wajerumani, na baadaye katika mashamba mengi ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, ambazo mtu alipaswa kuzitimiza ndipo alipwe. Nchini Kenya kilikuwa hati yenye alama za vidole, iliyotiwa ndani ya kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni. Manamba ni neno la namba. Mtu aliyeandikishwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge, hasa baada ya wenye mashamba kuanzisha ofisi yao ya SILABU mwaka 1944, alipewa namba, na namba ikawa ndiyo yeye. Waha, Wafipa, Warundi, Wamakonde kutoka Msumbiji, wote waliingia Tanga na Morogoro wakiwa manamba kabla hawajawa wafanyakazi.

Basi hapa ndipo mwanamke anapopotea. Sheria ya kipande ya Kenya iliwahusu wanaume tu. Manamba aliyeandikwa na kuhesabiwa alikuwa mwanamume. Mwanamke alifika shambani kama mke wa manamba, na akishika kazi, aliishika kwa kutwa. Mwandishi wa riwaya ya kihistoria akimvika mwanamke kipande shingoni katika Nairobi ya mwaka 1925 amekosa historia. Akimnyima amesema kweli, lakini hapo inambidi atafute neno jingine la kumwita, na neno hilo halipo tayari mezani. Yule asiye na karatasi hakupewa jina. Hili si jambo la sarufi, kwa sababu sarufi yetu haimbagui mtu: mfanyakazi, mshonaji, mbanguaji, mpishi, yote ni maneno ya ngeli moja kwa mume na mke. Ni jambo la daftari la mwajiri. Aliyeandikwa daftarini aliingia katika lugha, na ambaye hakuandikwa akabaki na majina ya nyumbani.

Na majina ya nyumbani tunayajua: mjakazi, mtumishi, yaya, mpishi, mke wa fulani. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad mwanamke anayefanya kazi katika jumba la bwana anaitwa Kijakazi. Jina lake la kuzaliwa, jina la kazi yake na jina la unyonge wake ni neno moja, tena limewekwa katika umbo la udogo. Twaona huu ni uteuzi wa istilahi ulio bora kuliko mwingi unaofanyika katika kamati, kwa sababu unasema yote bila ya kueleza lolote. Hata hivyo Kijakazi yuko ndani ya kasri, hayuko kiwandani. Said Ahmed Mohamed, katika Dunia Mti Mkavu (1980), aliwaleta wavuja jasho mbele ya msomaji kwa lugha kali ya kitabaka; Adam Shafi mwenyewe alirudi baadaye na Vuta n'kuvute (1999), ambamo Yasmin, binti wa jamii ya Kihindi ya Unguja, anatoka katika nyumba ya ndoa na kuingia katika dunia ya siasa za miaka ya 1950. Lakini mwanamke aliyetoka kwao akaja kusimama mbele ya mashine, akalipwa kwa kipimo cha alichokitengeneza, huyo bado ni mgeni katika riwaya yetu ya kihistoria. Hata Sembène Ousmane, katika riwaya yake ya mwaka 1960 juu ya mgomo wa reli ya Dakar na Niger wa 1947 hadi 1948, aliwaonyesha wanawake wakiandamana kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar, na maandamano hayo ni kilele cha kitabu. Lakini walioandamana ni hasa wake, mama na dada wa watu wa reli. Kazi yenyewe ilikuwa ya wanaume.

Kwa hiyo mfasiri anayetaka kielelezo cha mwanamke wa kiwandani huenda mbali, na aghalabu huishia New York. Twende naye, maana huko maneno yetu yanapata mtihani mzuri.

Mnamo Novemba 1909 washonaji wa blauzi wa mji huo, wengi wao wasichana wa Kiyahudi kutoka Ulaya ya Mashariki na wengine Waitalia, waligoma kwa maelfu. Idadi inayotajwa sana ni 20,000. Clara Lemlich, msichana aliyezaliwa Ukraine, alisimama katika mkutano wa Cooper Union na kutaka mgomo wa jumla, akisema Kiyidi, lugha ya nyumbani ya wengi waliokuwamo. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha Triangle, kilichokuwa katika ghorofa tatu za juu za jengo la ghorofa 10, kiliungua. Walikufa watu 146, na 123 kati yao walikuwa wanawake na wasichana, wengine wa umri wa miaka 14. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiliwa na mahakama mwezi Desemba mwaka ule ule. Riwaya zilizoandikwa juu ya moto huo ni nyingi, hasa za vijana, na mwalimu wa shule ya sekondari anaweza kuzitaka.

Mfasiri anakaa mezani, na sentensi yake ya kwanza ni hii: "Wafanyakazi 146 walikufa." Ni sahihi, na inaficha. Lugha alizozoea kufasiri zina kiwakilishi cha kike katika kila mstari, na msomaji wake hawezi kusahau hata kidogo kwamba anayeungua ni msichana. Kiswahili kina "a-" moja kwa wote. Katika mambo mengi hiyo ni neema, nasi hatungependa kuibadili. Lakini katika riwaya ya aina hii mfasiri hushikwa na hofu, akaanza kuandika "mfanyakazi wa kike" katika kila aya. Matokeo yake ni mabaya mara mbili. Kwanza, sentensi inakuwa nzito kama fomu ya takwimu. Pili, mfasiri anapandikiza wazo kwamba mfanyakazi asiyeongezewa "wa kike" ni mwanamume, wazo ambalo lugha yenyewe haikuwa nalo. Wengine hukimbilia "akina mama". Hili nalo tunalikataa kwa nguvu. Akina mama ni neno la heshima katika mkutano wa kijiji, lakini msichana wa miaka 14 au 16 aliyeketi nyuma ya cherehani si mama wa mtu, na kumwita hivyo ni kumnyang'anya umri wake, ambao ndio uchungu wa kisa. Tunaona njia iliyo bora ni ya kizamani: majina. Kiswahili kinajua kubeba jinsia kwa jina la mtu, kwa binti fulani, kwa dada, kwa shoga, kwa mwanangu, yaani kwa namna watu wanavyoitana. Msimulizi aseme "washonaji", na mazungumzo yatamwambia msomaji ni akina nani.

Kuna neno la pili ambalo limewashinda wengi. Zile karakana ndogo za ushonaji, zenye joto, msongamano na malipo duni, tumewahi kuziona zimeitwa "duka la jasho". Hiyo ni tafsiri iliyozaliwa na kamusi bila ya kupitia akilini. Msomaji atauliza jasho linauzwa bei gani. Kiswahili kina usemi wake wa siku nyingi, kunyonya jasho, na hakuna sababu ya kutosema karakana za kunyonya jasho. Ni ndefu kidogo. Inaeleweka Mpanda na Mombasa pia, na tunaipendekeza.

Lakini neno lililotufanya tuandike makala haya ni kufungia. Katika istilahi za mahusiano kazini tuna jozi inayojulikana: mgomo ni silaha ya mfanyakazi, na kufungia nje ni silaha ya mwajiri, yaani kuwazuia wafanyakazi wasiingie kazini mpaka wakubali masharti yake. Sheria inazitaja zote mbili pamoja. Sasa tazama historia inavyoigeuza istilahi hii safi. Kati ya mwaka 1971 na 1973, baada ya Mwongozo wa TANU kutolewa, wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliwafungia nje mameneja waliowaona wana kiburi na uonevu. Na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi, wakakitwaa kiwanda na kutaka kukiendesha wenyewe. Aliyefungiwa nje hapo ni bosi. Kule Triangle wasichana hawakufungiwa nje, walifungiwa ndani. Mfasiri asiyekuwa mwangalifu, aliyekariri "kufungia nje" kama kifurushi kimoja, ataweza kuandika kinyume kabisa cha yaliyotokea, na tumewahi kuona rasimu yenye kosa hilo. Ufunguo ni ule ule na mlango ni ule ule. Kinachobadilika ni upande aliosimama mwenye ufunguo. Kwa hiyo tunapendekeza walioandaa orodha wasiiandike istilahi hii bila ya kumtaja mtenda na mtendwa: kufungiwa nje na mwajiri, kuwafungia nje wakuu wa kiwanda, kufungiwa ndani. Hiyo kufungiwa ndani istahili kuingia katika orodha za usalama kazini kama kosa lenye jina lake.

Kuhusu kugoma hatuna ugomvi. Neno hili lilikuwa la punda kabla halijawa la mtu: mnyama asimamaye njiani asisogee hata akipigwa. Halikuletwa na kamati yoyote, na ndiyo maana lina nguvu. Tunachokosa ni maneno ya pembeni mwake. Anayeingia kazini wakati wenzake wamegoma aitwe mvunja mgomo, si mamluki, kwani mamluki ni askari wa kukodiwa. Na wale wanaosimama langoni kuwazuia wavunja mgomo wasiingie hawana jina lililokubalika. Tunapendekeza walinda mgomo, ili maneno mawili yasimame yakitazamana. Mshikamano limekwisha kujithibitisha lenyewe kila Mei Mosi, tusiliguse.

Baadhi ya wasomaji watasema mifano ya New York iko mbali mno na kazi yetu. Tunaandika makala haya tukiwa Majimoto, katika Halmashauri ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi, tulikokuja kukusanya msamiati wa kilimo cha mpunga, na tunawahakikishia kwamba si mbali hata kidogo.

Nchi hii ya Mpanda imejengwa na wahamaji. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira, ambao ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na watu wakabaki. Wapimbwe, Wabende na Wakonongo waliwakuta Wafipa, kisha kuanzia miaka ya 1970 wakaja Wasukuma na ng'ombe wao. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, wakimbizi walipewa makazi Ulyankulu huko Tabora, na katika Mpanda ile ya zamani walipewa Katumba na Mishamo. Hawa ndio waliotufanya tulitilie shaka neno mkimbizi. Ni neno la mtenda, limetokana na kukimbia, na lina maana kamili kwa mtu aliyevuka mpaka mwaka 1972 akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto aliyezaliwa Mishamo mwaka 1985 hakukimbia kutoka kokote. Hata hivyo aliitwa mkimbizi, na mwanawe pia. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na mjini Kigoma katika miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, alionyesha kwamba huko makazini watu walilishika jina la mkimbizi kwa fahari, kama ushahidi kwamba wana taifa waliloporwa, ilhali wenzao wa mjini Kigoma walilikwepa ili wapate kuishi. Neno moja, watu wa asili moja, maana mbili. Katika utaratibu ulioanza mwaka 2007, watu wapatao 162,000 wa makazi haya ya zamani walipewa uraia wa tajnisi. Tajnisi ni istilahi nzuri ya kisheria ambayo haijashuka mdomoni mwa watu. Mtaani wanasema raia wapya, na wengine bado wanasema wakimbizi.

Mwandishi wa riwaya ya kihistoria atakayemtoa msichana Mishamo na kumpeleka kwenye kazi ya ujira ana maneno mengi ya kuchagua, na kila moja ni hukumu: mgeni, mtu wa kuja, mhamiaji, mkimbizi, raia wa tajnisi. Mhamiaji ni jipya na baridi, linanukia kaunta ya ofisi. Mtu wa kuja ni la kale na lina jicho la pembeni la mwenyeji. Tunaomba tu wasiingize "mhamiaji haramu", ambalo magazeti yamelizoea mno. Haramu ni neno la nguruwe na riba. Karatasi ya mtu yaweza kukosekana, lakini mtu mwenyewe hawezi kuwa haramu. Asiye na kibali latosha.

Na kazi ya ujira iko wapi? Hapa Majimoto iko mashineni. Watu hawasemi kiwanda cha kukoboa mpunga. Wanasema mashine, na kwenda mashine, ingawa katika takwimu hiyo mashine huhesabiwa kuwa kiwanda kidogo. Mwanamume anayeiendesha ni mtu wa mashine, mwenye kupima ni karani, na wabeba magunia ni makuli. Neno la bandari ya Unguja limefika mpaka Bonde la Rukwa bila ya msaada wa mtu. Nyuma ya jengo wanakaa wanawake wanaopepeta, wanaotenga mchele na chenga na pumba, na kuokota mawe. Tulikutana na waliotoka Sumbawanga, waliotoka Shinyanga, na waliozaliwa Mishamo. Tuliwauliza kazi hiyo inaitwaje. Walitueleza, bila ya kunung'unika, kwamba wao hawana kazi, wanakuja kupepeta tu. Malipo ni kwa gunia, na mara nyingine sehemu yake ni chenga. Tuliandika katika daftari: kupepeta, kupembua, kuchekecha, chenga, pumba. Vitenzi vilikuwa tele, na kila kimoja kina ufundi wake ambao hatungeweza kuutofautisha kama tusingeonyeshwa kwa ungo. Nomino ya mtenda haikuwako. Mpepetaji lilipotajwa na sisi, walicheka.

Kicheko hicho tunakichukulia kwa uzito wa kitaaluma. Kiambishi -ji ni mashine ya istilahi yenye kutegemewa kuliko zote tulizo nazo. Kwa hicho pwani imepata wabanguaji wa korosho, neno ambalo limeshika kweli katika Mtwara na Lindi, kwa sababu viwanda vya kubangua viliajiri wanawake wengi, vikawaandika, vikawapa zamu. Hata vilipolala vingi vyao, neno halikulala. Mbanguaji alikuwa na daftari. Mpepetaji hana, na bila daftari kiambishi hakina pa kukaa.

Mtumishi wa serikali aweza kuuliza, haya yamhusu nini. Yamhusu sana. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, na tafsiri za sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinapita katika mikono ya wasomaji hawa hawa. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, katika kifungu cha 61, inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa iwapo hali fulani zipo, mojawapo ikiwa kwamba amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka ule ule inampa mwajiriwa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, akitimiza masharti yake. Sasa mtafsiri wa kifungu cha 61 akitumia mwajiriwa, amelifuata neno la sheria. Akitumia mfanyakazi, amelipanua. Lakini afisa kazi akifika nyuma ya mashine na kuuliza, "Nani hapa mwajiriwa?" hakuna atakayeinua mkono. Na akiuliza, "Nani hapa ana kazi?" jibu tumekwisha kulisikia. Swali pekee lenye kuleta jibu la kweli ni la kitenzi: unapepeta kwa nani, tangu lini, saa ngapi kwa siku. Sheria imeandikwa kwa nomino, na maisha yao yamo katika vitenzi. Tunashauri fomu na miongozo ya ukaguzi iulize kwa vitenzi. Hilo haligharimu shilingi hata moja.

Riwaya nayo yaweza kufanya lile ambalo fomu haiwezi. Tuchukue mnyapara. Wasomaji wa mjini wanalijua kama msimamizi mkali wa vibarua, lakini lilianza katika misafara ya Wanyamwezi, mwendo wa siku chache kutoka hapa, na lilikuwa cheo cha heshima cha kiongozi wa wapagazi. Posho nayo ilikuwa chakula cha mpagazi cha siku, au kitambaa cha kukinunulia. Leo ni ile ambayo watumishi wenzetu huiulizia kabla ya ajenda ya kikao. Katika misafara ile walikuwamo wanawake, waliofuatana na waume zao na waliobeba mizigo wenyewe. Mwandishi atakayewaandika hahitaji istilahi mpya hata moja. Anahitaji kujua mnyapara alipokuwa bado hajageuka, na posho ilipokuwa bado inaliwa. Kiinua mgongo pia, neno ambalo idara za fedha hulitamka kwa haraka kana kwamba ni kifupi cha kitu fulani, ni picha kamili ya mtu aliyeinama miaka mingi na sasa anasaidiwa kusimama wima. Mwanamke aliyeinama juu ya ungo miaka 20 bila ya kiinua mgongo ni sentensi ambayo haihitaji mapambo.

Orodha ya majaribio ya istilahi tulizozitaja, yaani karakana ya kunyonya jasho, walinda mgomo, mvunja mgomo, kufungiwa ndani, na asiye na kibali badala ya haramu, itapelekwa mbele ya kamati ya istilahi. Mpepetaji tumeliweka kando kwa sasa. Wasomaji walioko Mtwara, Lindi, Tanga, Morogoro, Unguja na Pemba, wenye maneno ambayo wanawake wa viwanda vya korosho, mkonge, tumbaku na uchambuaji wa karafuu hujiitia wenyewe, siyo yale ambayo wakuu wao huwaitia, wanaombwa watuletee, wakitaja mahali neno lilipotumika, kazi yenyewe, na takriban mwaka.